Hukwe Zawose: Fundi wa Ala na Sauti ya Ugogo

Utangulizi

Hukwe Ubi Zawose alifariki dunia tarehe 30 Desemba mwaka 2003. Kifo chake kiliipokonya Tanzania mwimbaji, mpigaji wa ilimba na zeze, mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kiongozi wa ukoo mkubwa wa wanamuziki. Kiliipokonya pia fundi, na huu ndio upande wa maisha yake ambao husahaulika kwa wepesi. Wasikilizaji waliojaa kumbi za Ulaya, Marekani na Japani walilisifu koo lake. Wachache miongoni mwao walijiuliza ala alizozipiga zilitoka duka gani. Hazikutoka duka lolote. Alizitengeneza mwenyewe, yeye na jamaa zake, kwa mbao, ngozi, vibuyu na vyuma.

Hali hii inamtofautisha Zawose na wanamuziki wengi mashuhuri wa Afrika Mashariki wa kizazi chake. Mpiga gitaa aliyevunjikiwa na gitaa lake aliweza kuingia duka la Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam na kununua jingine lililoletwa kwa meli. Mpiga ilimba hakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kwa fundi, na mara nyingi fundi huyo alikuwa yeye mwenyewe. Kwa msingi huo, kuyasimulia maisha ya Zawose ni kuuliza swali zito: je, ni nini huipata sanaa ambayo karakana yake, duka lake na shule yake vyote vimo katika ua mmoja, pindi mwenye ua anapoondoka?

Ugogo na Malezi

Zawose alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika kijiji cha Doda, katika eneo la Dodoma, katikati ya nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Hii ni nchi ya Wagogo: nyanda kavu zenye miiba na mibuyu, zinazopata mvua kwa msimu mmoja tu wa mwaka. Watu wake ni wafugaji wa ng'ombe na wakulima wa mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame. Hata hivyo, uvumilivu huo una mipaka. Wazazi wa kizazi cha Zawose walikuwa na kumbukumbu ya njaa kuu ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yalipochukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Jamii iliyopitia masaibu ya namna hiyo haiuchukulii wimbo wa kuomba mvua kuwa burudani.

Muziki wa Wagogo umewavutia wataalamu kwa muda mrefu. Mtafiti na mtunzi wa Hispania, Polo Vallejo, aliutafiti kwa miaka mingi na kuonyesha jinsi unavyopangwa kwa sauti nyingi zinazokwenda sambamba, kila sauti ikijua mahali pake. Kuna nyimbo za jando, za mavuno, za kubembeleza watoto na za matambiko. Kuna aina kama vile nindo, msunyunho na saigwa, kila moja ikiwa na wakati wake na watu wake. Kuna pia muheme, ngoma zinazopigwa na wanawake huku wamezibana mapajani. Ngazi ya sauti za muziki huu haikuazimwa kwingine. Inatokana na sauti ndogondogo za asili zinazosikika ndani ya sauti moja iliyonyooka, zile ambazo sikio lililozoea hulitambua kila moja hata kabla halijafundishwa kuzitaja.

Katika mazingira haya Zawose alikua akichunga ng'ombe na kujifunza muziki kwa baba yake, ambaye pia alikuwa mwanamuziki. Elimu hiyo haikuwa na daftari. Mtoto alitazama mikono ya mzazi, akaiga, akakosea, akarudia. Aidha, hapakuwa na mpaka baina ya kujifunza kupiga na kujifunza kutengeneza. Kijana aliyetaka kupiga zeze sharti ajue kuwamba ngozi, na aliyetaka kupiga ilimba sharti ajue kukifua chuma hadi kitoe sauti inayotakiwa. Samaki mkunje angali mbichi, na kwa Zawose mkunjo huo ulidumu maisha yake yote.

Wito wa Dar es Salaam

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere aliitangazia Bunge kuundwa kwa wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba waliosoma walizijua dansi za wageni kuliko ngoma za baba na mama zao. Sera iliyofuata ilikuwa ya kuwakusanya wasanii wa makabila mbalimbali na kuwapandisha katika jukwaa moja la taifa. Kikundi cha taifa cha ngoma kilichoanzishwa katika miaka hiyo ya 1960 kilikuwa tunda la fikra hiyo.

Sifa za Zawose zilimfikia Nyerere mwenyewe, naye akamwalika aende kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Kwa kijana kutoka Doda, mwaliko huo ulibadilisha mengi. Kabla yake, muziki wake ulikuwa na wenyewe: watu wa kijiji waliojua kila wimbo ni wa shughuli gani. Mjini alikutana na hadhira isiyokijua Kigogo na isiyokuwa na jando wala mavuno ya kuhudhuria. Wimbo uliozoea kufanya kazi sasa ulitakiwa kutazamwa. Jambo hili halikumpata Zawose peke yake. Liliwapata wasanii wote wa asili waliopelekwa katika majukwaa ya mataifa mapya, wakiwemo wale wa Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka 1971 kwa shabaha inayokaribiana na hiyo.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mji wa magitaa. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa ikitumbuiza katika kumbi za dansi. Kutoka Morogoro zilivuma Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz iliyompa umaarufu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Redio ilizipenda bendi hizi na vijana walizipenda zaidi. Ilimba na zeze zilikuwa na nafasi yao katika sherehe za serikali na mapokezi ya wageni, lakini si katika kumbi za Jumamosi usiku. Zawose angeweza kushika gitaa kama wengine. Hakufanya hivyo. Alibaki na ala za kwao, na badala ya kuzibadili kwa ala nyingine alianza kuzipanua.

Fundi na Ala Zake

Ilimba ni ndugu wa zile ala ambazo katika Kiswahili huitwa marimba ya vidole. Ina sanduku la mbao lililo wazi ndani, na juu yake hupangwa vipande vya chuma vilivyofuliwa vikawa bapa. Mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Urefu wa kipande ndio unaoamua sauti yake: kikivutwa nje, sauti hushuka; kikisukumwa ndani, hupanda. Mpaka hapo ilimba inafanana na ala nyingi za jamii yake barani Afrika. Upekee wa ile ya Kigogo umo katika mambo mawili.

La kwanza ni kwamba si vyuma vyote vinavyopigwa. Baadhi yake huwekwa ili vitetemeke vyenyewe wakati jirani zake wanapoguswa. Havitoi sauti mpaka sauti inayolingana nayo itoke kwingine, na hapo huitikia. La pili ni utando wa buibui. Katika sanduku hutobolewa tundu na kuzibwa kwa utando mwembamba unaotokana na buibui, na utando huo huipa kila sauti mvumo kama wa nyuki. Msikilizaji aliyezoea piano anaweza kuudhania mvumo huo kuwa kasoro. Kwa Mgogo, ilimba isiyovuma haijakamilika.

Zeze nalo lina mwili wa kibuyu au wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, mpini mrefu na nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde. Lile dogo lina uzi mmoja au mbili. Yapo makubwa yenye nyuzi zaidi, na sauti yake nzito huwa kama uwanja ambamo koo la mwimbaji hucheza. Kwa ala hizi Zawose aliongeza filimbi, kayamba na njuga zilizofungwa miguuni, hivi kwamba mara nyingine mtu mmoja jukwaani alisikika kama kundi.

Mchango wake kama fundi ulikuwa wa kuzikuza ala hizi bila kuziharibu. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma vingi kupita kiasi kilichozoeleka, na mazeze yenye nyuzi nyingi zaidi ya yale ya kijijini. Kazi hiyo ina ugumu wake. Kila chuma kinachoongezwa huongeza uzito juu ya sanduku na hubadilisha jinsi vingine vinavyoitikia. Sanduku likiwa dogo, sauti husongamana. Likiwa kubwa mno, mvumo hupotea. Kila uzi unaoongezwa kwenye zeze huuvuta mpini na kuilemea ngozi. Fundi hana kipimo kilichoandikwa cha kumwongoza. Hutegemea sikio, na sikio hilo linatakiwa kuijua ngazi ya Kigogo kwa undani, kwa kuwa ala iliyolinganishwa na piano haiwezi kuzibeba nyimbo za Ugogo.

Hii ndiyo sababu ufundi na uimbaji wa Zawose haviwezi kutenganishwa. Koo lake lilisifiwa kwa upana wa ajabu, na wengi waliandika kwamba lilifikia oktavu tano. Aliweza kushuka hadi mngurumo na kupanda hadi sauti nyembamba kama filimbi ndani ya wimbo mmoja. Ila koo hilo halikusimama peke yake. Lilijibizana na vyuma na nyuzi ambazo mwenye koo alikuwa amezilinganisha kwa mkono wake. Alipobadilisha ala alikuwa akiubadilisha pia wimbo, na alipotaka wimbo uende mahali papya alirudi kwanza kwenye karakana.

Bagamoyo: Chuo na Ua

Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, kikirithi kazi na baadhi ya wasanii wa vikundi vya taifa vilivyotangulia. Zawose alikuwa miongoni mwa walimu wake. Bagamoyo ikawa makao yake, na huko ndiko ukoo wake ulikojikita.

Kuna jambo la kihistoria katika safari hii linalostahili kuzingatiwa. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji ilipita Ugogo na kuishia Bagamoyo. Watawala wa Ugogo waliutoza kila msafara hongo kabla ya kuuruhusu upite na kutumia maji, na wapagazi waliochoka walikuwa wakiitazamia pwani kama mahali pa kutua mizigo. Zawose aliifuata njia ileile kuelekea baharini akiwa na mzigo wa namna nyingine. Muziki uliotokana na ukame ulihamia mahali pa minazi na pepo za kaskazi, na ulitakiwa kuishi huko.

Chuo kilimpa Zawose kitu ambacho kijiji hakikuwa nacho, yaani wanafunzi wasiokuwa wa damu yake. Vijana kutoka kila pembe ya Tanzania, na baadaye wageni kutoka nje, walijifunza ngoma, uigizaji na ala za asili. Mafunzo ya chuo yana ratiba, muhula na cheti. Yana faida ya kueneza ujuzi kwa wengi, na yana upungufu wake pia: sikio la mtoto aliyezaliwa katika nyimbo haliwezi kutengenezwa kwa muhula mmoja. Kwa hiyo, sambamba na chuo, kulikuwa na shule ya pili, nayo ilikuwa nyumba ya Zawose mwenyewe. Wanawe, wapwa na jamaa wengine walikua wakiimba, wakicheza na kutengeneza ala, na kundi la ukoo likazaliwa humo.

Ua wa namna hii ndio uliokuwa karakana, mahali pa mazoezi na, kwa maana halisi, duka pekee la ala hizi. Aliyetaka ilimba nzuri hakuwa na rafu za kuzitazama. Alitakiwa kumjua anayezitengeneza. Ilimba haina nambari ya kiwanda wala jina la kampuni, na hata leo sifa yake hutegemea jina la mkono ulioifanya. Biashara ya namna hiyo ina heshima kubwa na usalama mdogo. Haina ghala. Haina bima. Mtaji wake ni maarifa ya watu wachache wanaozeeka.

Sauti Yavuka Bahari

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilipitia dhiki kubwa ya uchumi. Viwanda vya kurekodi muziki vilikuwa haba, na wanamuziki wengi walitegemea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam au walivuka mpaka kwenda Nairobi. Wakati huohuo, huko Uingereza kulikuwa kunaanza soko jipya la muziki kutoka mataifa mbalimbali. Zawose na wenzake walirekodiwa na kampuni ndogo ya London iitwayo Triple Earth, ambayo katika miaka hiyo ilitoa albamu za Tanzania Yetu na Mateso. Huko Japani nako ilitolewa albamu iliyobeba jina lake.

Mwaka 1996 kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu ya Chibite. Hapa sauti ya Zawose, ilimba na mazeze vilisikika vikiwa vyenyewe, na wasikilizaji waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Dodoma wakaanza kulitafuta. Pembeni yake alikuwepo Charles Zawose, mwana wa nduguye, aliyeimba na kupiga naye kwa ukaribu kiasi kwamba ilikuwa vigumu kujua sauti ya mmoja ilipokomea na ya mwenziwe ilipoanzia.

Mwaka 2002 ilifuata albamu ya Assembly, aliyoshirikiana na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, ambaye kabla yake alikuwa amefanya kazi na mwimbaji mkuu wa Pakistani, Nusrat Fateh Ali Khan. Katika kazi hii ilimba iliwekwa pamoja na gitaa la umeme na mitambo ya studio. Mwaka huohuo Zawose alishiriki katika ziara ya Peter Gabriel huko Marekani, akiimba katika kumbi zenye maelfu ya watu.

Maoni kuhusu kazi ya namna hii hugawanyika. Wapo wanaoona kwamba mitambo huzifunika ala zinazotegemea mvumo mwembamba wa utando wa buibui. Wapo wanaoona kwamba sanaa isiyosikika hufa haraka zaidi ya sanaa iliyochanganywa. Maisha ya Zawose yanatoa hoja ya tatu. Mtu aliyekuwa ameongeza vyuma na nyuzi katika ala zake tangu ujanani hakuwa mlinzi wa jumba la makumbusho. Mabadiliko hayakuwa mageni kwake. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hii mabadiliko yalifanywa na vyombo asivyovitengeneza yeye, katika vyumba ambavyo ufunguo wake ulikuwa kwa wengine. Hilo ndilo ambalo mwanafunzi wa fasihi simulizi anapaswa kulipima kila anaposikiliza rekodi ya msanii wa asili: ni nani aliyeamua isikike hivyo?

Lugha ya Nyimbo

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, majina ya albamu hizi yana somo lake. Tanzania Yetu na Mateso ni ya Kiswahili, lugha ya taifa lililomwita Zawose jukwaani. Chibite ni la Kigogo, lugha ya nyumbani kwake. Assembly ni la Kiingereza, lugha ya soko lililomkaribisha mwishoni. Maisha ya mtu mmoja yamepita katika lugha tatu, na kila moja ilikuja na hadhira yake.

Zawose aliimba kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili aliweza kusema na taifa zima kuhusu umoja, uongozi na amani, mambo ambayo sera za Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ziliwataka wasanii wayaimbe. Kwa Kigogo alihifadhi mafumbo na mikato ya sauti ambayo haihamishiki kwa urahisi. Lugha za Kibantu hutofautiana katika mipando na mishuko ya sauti za maneno, na ala zilizolelewa na lugha fulani huifuata lugha hiyo. Ilimba imezoea Kigogo. Inapoandamana na Kiswahili, ambacho mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, mpigaji hulazimika kupinda kidogo, ama wimbo au neno. Zawose aliijua mipindo hiyo, na yeyote anayetaka kuzitafiti nyimbo zake sharti awe na masikio ya lugha zote mbili.

Msiba na Urithi

Kifo cha Zawose mwishoni mwa mwaka 2003 kilifuatwa na kile cha Charles mwaka 2004. Kwa muda mfupi ukoo uliwapoteza mzee wake na yule aliyekuwa amesimama karibu naye zaidi jukwaani. Kama maarifa yote yangekuwa vichwani mwao wawili tu, hadithi hii ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Mwanawe Msafiri Zawose aliendelea kupiga, kuimba na kutengeneza ala, na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji, ambamo ilimba na zeze zinachanganywa na midundo ya kisasa. Chuo cha Sanaa nacho kilikuwa kimebadilishwa mwaka 2007 kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ijulikanayo kwa kifupi kama TaSUBa.

Hata hivyo, tukio lenye uzito zaidi katika urithi huu lilitoka mahali ambapo desturi haikupatazamia. Katika mpango wa zamani, wanawake wa ukoo waliimba kiitikio, wakacheza na kupiga muheme. Uimbaji wa mbele na upigaji wa ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, bintiye Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa kupitia Real World albamu ya Maisha wakijiita The Zawose Queens. Wao ndio waimbaji wakuu, na ala ziko mikononi mwao. Walikuwa wamesimama nyuma ya wanaume kwa miaka mingi, na kumbe muda wote huo walikuwa wakisoma. Zawose aliujenga ua wenye shule, lakini shule hiyo ilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Kizazi kilichofuata kimeufungua. Kuyasema haya si kumpunguzia mzee heshima. Ni kuonyesha kwamba alichokifundisha kilikuwa kikubwa kuliko mpaka alioukuta na kuuacha.

Hitimisho

Msomaji wa Endarasha, Karatina au Nyeri mjini hana haja ya kusafiri hadi Ugogo ili auelewe uzito wa maisha haya. Wagikuyu nao walikuwa na zeze lao la uzi mmoja, wandindi, na walikuwa na gicandi, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa juu yake, ambacho mghani alikitikisa huku akijibizana na mwenzake kwa mafumbo. Aliyeshindwa alimwachia mwenziwe kibuyu. Vittorio Merlo Pick aliyakusanya mafumbo hayo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973, Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya mghani wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya mwaka 1980, ambayo Kiswahili chake ni Shetani Msalabani, na Kimani Njogu ameyachambua malumbano hayo sambamba na yale ya ushairi wa Kiswahili. Gicandi imeingia maktabani kwa heshima zote. Ila kijana anayetaka kujua namna ya kukausha kibuyu, kukichora alama na kuzisoma, atapata shida kumpata wa kumfundisha.

Tofauti baina ya hatima ya gicandi na ile ya ilimba haitokani na ubora wa sanaa moja juu ya nyingine. Inatokana na mikono. Serikali ilimpa Zawose jukwaa, chuo kikampa wanafunzi, na soko la ng'ambo likampa masikio ya dunia. Vyote hivyo vilimsaidia, na vyote vingeweza kuondolewa kwa barua moja au kwa mabadiliko ya soko. Kitu ambacho hakikuondolewa ni ule ua wa Bagamoyo ambamo mtoto aliweza kumwona mtu mzima akifua chuma, akikisikiliza, akikirudisha motoni na kukisikiliza tena.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vinafundisha fasihi simulizi kwa kuandika maneno ya nyimbo na kuyachambua. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini wimbo wa Zawose ukiandikwa karatasini bila ilimba yake huwa umeachwa nusu, na ilimba bila fundi wake ni kitu cha kuning'inizwa ukutani. Mafundi wa wandindi, orutu, nyatiti na zeze waliobaki hai wanastahili kutembelewa na wanafunzi wakiwa bado na nguvu za kushika tindo, na wanaotembelewa walipwe kama walimu. Ukoo wa Zawose umeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, mradi pawepo mtu wa kufundisha, mtoto wa kutazama, na mbao, ngozi na chuma kati yao.